Mkono wa Kushoto wa Daktari Faraja

Alasiri za kwetu Mwembesongo zimepungukiwa na sauti moja. Wakaanga samaki bado wanagonga makarai yao, cherehani ya jirani bado inakwenda na kusimama, adhana inakuja kwa wakati wake, na bodaboda zinapita zikitukanana kwa honi. Lakini ule mlio mdogo wa harage linaloanguka ndani ya ndoo ya plastiki, ukifuatwa na kicheko cha wanawake na mtu mmoja anayesema "Ah! Tena!", haupo. Tuliuzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Ulipokoma ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tunausikiliza.

Ulikuwa mlio wa Faraja Halidi, mjukuu wa Bi Rehani, daktari wa upasuaji.

Bi Rehani mwenyewe ni mtu wa Kinole, kule juu ambako ukungu hushuka kuchungulia migomba kabla haujapanda tena mlimani. Aliletwa mjini na mikungu ya ndizi. Alikuja kuiuza, akarudi, akaja tena, hadi siku moja akachoka kurudi. Faraja alipofika umri wa shule, mama yake alimteremsha akae kwa bibi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Kukaa kwa bibi mzaa mama ni kukaa nyumbani kuliko nyumbani.

Alikua msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, mzito wa kuamka. Alisoma, akasoma tena, akawa daktari, na siku aliporudi Morogoro kufanya kazi Bi Rehani alizunguka mtaa mzima akiwaambia watu wasimsumbue mjukuu wake kwa vidonda vidogo vidogo, halafu yeye mwenyewe akamwonyesha kidole cha mguu.

Kilichomwingiza Faraja katika habari ninayoisimulia ni tumbo la mama yake mdogo, Sabra. Mama mdogo Sabra analima Kinole, shamba lililosimama kama ukuta, ambalo hata kuku hulipanda kwa kufikiri mara mbili. Mwaka mmoja alishikwa na maumivu ubavuni. Ikaonekana ni vijiwe kwenye kibofu cha nyongo. Akapasuliwa kwa njia tuliyoizoea, chale ndefu chini ya mbavu, mshono kama reli. Akapona. Lakini mvua zilikuja zikamkuta ameshika ubavu. Shamba la mteremko halilimwi na mtu aliyeshika ubavu. Msimu ule magugu ndiyo yaliyovuna.

Faraja, wakati huo daktari mchanga kabisa, ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda. Sabra alimuuliza, "Hivi hilo jiwe lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya hindi, mama mdogo."

"Punje ya hindi! Sasa mlango mkubwa wote huu mlifungua wa nini? Mlikuwa mnatoa kabati?"

Walicheka wote wawili, na Sabra akaomba asichekeshwe, maana kicheko kilivuta nyuzi. Lakini swali lile halikutoka kichwani mwa Faraja. Alikuwa amesikia juu ya upasuaji wa matundu madogo. Daktari hutoboa matundu machache yenye upana wa kidole, huingiza kamera nyembamba kwa moja, huingiza vikoleo virefu kwa mengine, na hufanya kazi yote akitazama skrini, kama mtu anayeshona kwa kuangalia kivuli chake ukutani. Mgonjwa huinuka mapema. Hurudi kwake. Hupanda mlima wake.

Ikapita miaka, na hospitali aliyofanyia kazi ikapata mtambo wa upasuaji huo. Pamoja na mtambo akaja mwalimu, Daktari Girish, mzaliwa wa mjini hapa hapa, ambaye watu wake wana duka la vitambaa karibu na soko. Ni mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuimba kidogo kidogo puani akiwa na furaha na kunyamaza kabisa akiwa na hasira. Wanafunzi walikuwa wawili, Faraja na mwenzake Daktari Glory.

Girish aliwaambia mapema, wala hakuwaficha. Kabla ya kugusa tumbo la mtu yeyote, watajifunza kwenye sanduku. Mwisho wa mafunzo kutakuwa na mtihani wa sanduku hilo hilo. Atakayefaulu ataingia chumba cha upasuaji na kushika vikoleo. Atakayeshindwa atabaki kumshikia mwenzake kamera, na kazi yake itakuwa ile ile ya chale ndefu, hadi yaje mafunzo mengine. Yatakuja lini, hakuna aliyejua.

Sanduku lilikuwa kitu cha kawaida kabisa, giza ndani, kamera, taa, matundu mawili juu. Ndani yake kulikuwa na ubao wenye vijiti vilivyosimama na vipete vidogo vya mpira. Kazi yake ukiisikia utacheka. Unachukua kipete kwa kikoleo cha kushoto, unakikabidhi hewani kwa kikoleo cha kulia, cha kulia kinakitundika kwenye kijiti cha upande wa pili. Ukimaliza vyote, unavirudisha. Basi. Lakini vikoleo vile vimeshikiliwa na tundu kama kasia lililofungwa ukingoni mwa mtumbwi. Ukisukuma mkono huku, ncha inakwenda kule. Ukiinua, inashuka. Wiki ya kwanza wote wawili walikuwa kama watu waliolewa wakijaribu kufungua kufuli.

Wiki zilizofuata Glory alianza kuvizoea vikoleo. Faraja naye mkono wake wa kulia ulikuwa hodari kuliko wa Glory, wa kushoto pia haukuwa mbaya. Tatizo lilikuwa katikati, pale mikono miwili ilipokutana.

"Faraja," Girish alisema siku moja, ameacha kuimba. "Kwa nini umekiweka chini?"

"Nimekiweka?"

"Umekiweka. Umekichukua kwa kushoto, vizuri. Umekileta karibu na kulia, vizuri. Halafu badala ya kukikabidhi, umekilaza chini, na kulia kimekiokota. Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna mtu, Daktari."

"Basi usifanye."

Akafanya tena. Akajikaza, akakitazama kipete kwenye skrini kama anayemtazama mwizi, na mkono wake wa kushoto ulipofika karibu na wa kulia ukasita, ukainama kwa heshima, ukakiweka kipete chini.

"Fara, mkono wako una haya," alisema Glory. "Mwari huyo. Mtafutie mume."

"Nyamaza wewe."

"Hata salamu hautoi! Wenzako wamekuja kupokea, unawatupia mlangoni."

Girish hakucheka. "Ndani ya tumbo hakuna meza," alisema taratibu. "Hapo unapoweka chini, ni juu ya ini la mtu. Kitu kikidondoka huko kinaweza kupotea. Mtihani wenyewe unasema kukabidhi hewani. Sina namna ya kukupitisha ukiweka chini, hata nikikupenda vipi."

Faraja alirudi Mwembesongo kwa miguu siku hiyo, polepole, akiutazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyegundua kwamba mpangaji wake ana siri. Kila mtu ana kitu ndani yake ambacho hakukialika. Kinakula naye, kinalala naye, na siku anayotaka kwenda mahali ndipo kinapokaa mlangoni.

Alimkuta bibi yake uani, sufuria jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona uso umekunja kama soksi? Hebu nipe hilo kopo la chumvi."

Faraja alikuwa na simu mkono wa kulia, anasoma ujumbe. Akachukua kopo kwa kushoto, akamnyooshea bibi. Bi Rehani hakupokea. Aligeuza uso akatazama ukuta, kwa upole kabisa, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Na Faraja, bila kufikiri, akaliweka kopo juu ya kinu, akahamisha simu, akalichukua kopo kwa mkono wa kulia, akampa.

"Ahsante, mama," akasema Bi Rehani, akapokea.

Faraja akabaki ameganda, mkono mtupu hewani.

"Bibi! Kumbe ni wewe!"

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Wewe ndiye unayenifelisha mtihani!"

"Mtihani upi? Mimi darasa lenyewe sikuingia."

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu utoto, Bi Rehani hakumpiga mjukuu wake wala kumkaripia kwa kutoa kitu kwa mkono wa kushoto. Aliutazama ukuta tu. Mtoto aliweka kitu chini, akakiokota kwa kulia, na dunia ikaendelea. Maelfu ya chumvi, funguo, vijiko na vikombe vilipita njia hiyo, hadi mkono ukaijua sheria kuliko mwenye mkono. Faraja alimweleza yote, sanduku, vipete, ini la mtu. Bi Rehani alisikiliza huku akikoroga mchuzi.

"Sasa unataka niseme nilikosea?"

"Sijasema hivyo, bibi."

"Unataka ukawape watu vitu kwa mkono wa chooni, waseme Bi Rehani kalea mbuzi?"

"Si watu, bibi. Ni mkono wangu kwa mkono wangu."

"Mkono wa kulia nao si mtu? Ndio unaokulisha." Akafunika sufuria kwa kishindo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake Faraja alirudi na vikoleo vikuukuu ambavyo Girish alimwazima. Alitoboa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaifunga simu yake juu ya tundu dogo, akaweka kurunzi ndani, na badala ya vipete akatia maharage na visahani viwili. Akaiweka barazani, kwa kuwa ndani hakukuwa na hewa. Na barazani Mwembesongo hakuna jambo la mtu mmoja.

Wa kwanza kusimama alikuwa Shabnam, mwenye duka la pembeni, ambaye huacha duka lake wazi kwa imani kubwa kila akisikia kicheko. Akafuata Mama Furaha, mkaanga samaki. Wakaja wengine. Wakauliza ndoo inapika nini. Faraja akawaonyesha kwenye simu. Mle gizani palionekana pana kama ukumbi, na harage moja lilikuwa limelala peke yake, kubwa, jekundu, kama ng'ombe uwanjani.

"Lete nijaribu," alisema Shabnam. Akashika vikoleo, akalitafuta tundu, akamkosa harage mara kadhaa, akampata kwa kushoto, akamleta kwa kulia. Akamweka chini. Akamwokota.

"Umeona?" Faraja akapiga kelele. "Umeweka chini!"

"Sijaweka."

"Umeweka, dada, tumekuona wote," alisema Mama Furaha. "Pisha." Akakaa yeye, mikono inanuka vitunguu saumu, akamshika harage. Akamweka chini.

Kila aliyekaa akaweka chini. Mmoja mmoja. Baraza likajaa kicheko kile ambacho hukosi kukisikia hadi barabara ya pili. Bi Rehani, aliyekuwa anajifanya anachambua mchele, hakuvumilia.

"Nyie mmekosa shabaha tu. Nisogezeeni kigoda."

Alikaa, akapandisha kanga kichwani, akasema Bismillahi, akashika vikoleo kama anavyoshika koleo la makaa. Kwa mshangao wa wote hakutafuta sana. Alimnasa harage, akamnyanyua, akamleta. Akamlaza chini taratibu, akamwokota kwa kulia.

"Ahsante, mama," akajijibu mwenyewe.

Mama Furaha ilibidi ashikwe. Faraja alicheka machozi yakamtoka. Watu walipoondoka, machozi yale yalibaki, na yalikuwa yamebadilika kidogo. Bi Rehani aliyaona. Watu waliomlea mtu huyajua machozi yake kama wanavyojua nyayo zake.

"Ukishindwa inakuwaje?" akauliza.

"Nitakuwa namshikia Glory kamera."

"Kushika kamera nako ni kazi."

"Ni kazi, bibi. Lakini akija mwanamke wa Kinole akaniangukia mimi, nitampasua kama tulivyompasua mama mdogo. Najua njia nyingine ipo, na mkono wangu hauendi."

Bi Rehani akachambua mchele kwa muda mrefu. Mlima ulikuwa umejifunika wingu hadi kifuani, kama kawaida yake jioni, na upepo wake ulikuwa umeanza kuteremka mitaani.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Chakula, hapana. Fedha, hapana. Mgeni, hapana. Msahafu hata usiniulize. Lakini vitu visivyo na heshima yake, ufagio, kamba, sufuria tupu, kuni, hivyo nitapokea. Na mlango wa uani tuufunge. Sitaki Shabnam aone."

Ndipo yalipoanza mafunzo ya pili, ambayo Girish hakuwa na habari nayo. Uani, mlango umefungwa, Faraja alimpa bibi yake ufagio kwa mkono wa kushoto, naye Bi Rehani akafumba macho, akasema "Astaghafirullah," akapokea. Alimpa mwiko. "Astaghafirullah." Alimpa kuni moja moja, zote kwa kushoto, na uani kulisikika toba nyingi kuliko msikitini.

"Bibi, lazima useme kila mara?"

"Wewe jifunze yako, mimi niombe yangu."

Lakini alipokea. Hakutazama ukuta. Na mikono, tofauti na vichwa, haihitaji kuelezwa sababu. Inahitaji kupokelewa. Polepole, barazani, harage likaanza kupita hewani. Mara ya kwanza lilipita kwa bahati, nalo likaanguka. Kisha likapita likakaa. Wanawake wakawa wanahesabu kwa sauti na kushangilia, Shabnam akawa anapiga vigelegele akiwa dukani kwake bila hata kuona. Faraja akaanza kusahau ni mkono upi unaompa mwenzake, na kusahau huko ndiko kujua.

Hatari ilikuwa hapo hapo, ila hakuna aliyeiona.

Mtihani ulikuwa umekaribia wakati Sabra alipopata mjukuu wake wa kwanza. Ukoo ukaitwa Kinole kwa akika. Faraja na Bi Rehani walipanda alfajiri. Njia ilinuka karafuu na majani mabichi ya mdalasini, watu waliwasalimu kutoka mashambani bila kuonekana, na Bi Rehani, ambaye mjini hulalamikia magoti, alitangulia mbele kama mbuzi.

Mbuzi wenyewe walichinjwa, dua ikasomwa, mtoto akapewa jina, pilau ikaiva. Mkekani, mahali pa heshima, alikaa Mjomba Abeid, mtoto wa kwanza wa Bi Rehani. Mjomba kwa Waluguru si ndugu wa pembeni tu. Ndiye mwenye kauli ya ukoo, ndiye anayesema nani alime wapi. Abeid anaivaa kazi hiyo vizuri, na kofia yake hailali upande.

Faraja alikuwa miongoni mwa wanaogawa. Alikuwa na birika la maji ya kunawa mkono wa kulia, na bakuli la mchuzi mkono wa kushoto. Mjomba alimaliza kunawa, akanyoosha mkono. Na Faraja, akiwa anamjibu mtu wa nyuma huku anacheka, akampa bakuli. Hewani. Kwa utulivu, bila tone kumwagika, makabidhiano safi kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Kwa mkono wa kushoto.

Mkeka ukanyamaza. Mtoto aliyepewa jina ndiye pekee aliyeendelea kusema yake. Mkono wa Mjomba Abeid ulikuwa bado hewani, haukusonga mbele wala kurudi.

"Daktari," akasema, sauti imeshuka. "Huko mjini nimekuwa mbwa?"

Faraja aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alitaka kuliweka bakuli chini aliokote kwa kulia. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinama.

"Usiweke chini!" Sauti ya Bi Rehani ilitoka kwenye mkeka wa wanawake. "Faraja, usithubutu kuweka chini. Abeid, pokea."

"Mama, ananipa kwa kushoto."

"Naona. Macho ninayo. Mkono huo nimeutuma mimi, uko mafunzoni. Pokea."

"Mbele ya watu wote hawa, mama? Kwa kushoto?"

"Kwa kushoto! Wewe Abeid ulikuja duniani umetanguliza matako, mbona sisi tulikupokea? Nani alikurudisha ndani ili uje kwa adabu?"

Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyejua kama kucheka kunaruhusiwa. Kisha Sabra akaanguka upande, ameshika ubavu ule ule, safari hii kwa kicheko. Ukoo wote ukamfuata. Wazee walipigana mabega. Mjomba Abeid alijikaza kwa kadiri alivyoweza, ndevu zikaanza kumtetemeka, na mwishowe akacheka hata kofia ikalala upande. Akapokea bakuli.

"Mchuzi wenyewe una chumvi?" akauliza, ili aseme neno la mwisho.

"Kaka, kunywa," alisema Sabra, akijifuta macho. "Mimi laiti ningepasuliwa na mkono huo usio na adabu, msimu ule ningelima."

Hapo ndipo walipomtaka Faraja aeleze, akaeleza, amesimama na birika lake. Wanawake wa Kinole waliuliza maswali ambayo Girish hajawahi kuyauliza. Gesi inayopulizwa tumboni inatokea wapi? Mtu akikohoa je? Na jiwe linapitaje kwenye tundu la kidole? Mjomba Abeid alisikiliza akitafuna. Mwisho akasema kwamba ikiwa ni hivyo, basi Faraja afanye hima afaulu, maana yeye mwenyewe ana kitu ubavuni hajamwambia mtu.

Wakati wa kushuka, walipofika barabarani, Bi Rehani alisimama.

"Nimevunja adabu yangu mwenyewe mbele ya ukoo mzima."

"Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini? Lakini nakwambia hivi. Ukifeli, tutapanda tena huu mlima, na utamwomba mjomba wako radhi kwa magoti. Mimi nitakuwa nimekaa, natazama ukuta."

Siku ya mtihani Girish alivaa tai, jambo lililowatisha wote wawili. Glory alianza. Alidondosha kipete kimoja, akakiokota, akamaliza ndani ya muda uliopangwa, akainua kidole gumba. Kisha Faraja akakaa.

Alivisogeza vikoleo hadi vikaonekana kwenye skrini, ncha mbili zenye kung'aa gizani. Alichukua kipete cha kwanza kwa kushoto. Akakileta. Baadaye alisema kwamba pale katikati aliusikia mkono wake ukiuliza, kama mtoto anayetazama usoni kwa mkubwa kabla hajaingia. Hakuujibu. Ukatoa. Wa kulia ukapokea. Kipete kikakaa kijitini.

Kilichofuata kikapita, na kingine. Vikiwa vimebaki vichache, kimoja kiliuponyoka mkono wa kushoto kikaanguka kati ya vijiti viwili. Glory, nyuma yake, alivuta pumzi. Sasa ilikuwa rahisi sana kukiokota kwa kulia na kuendelea, ila sheria ilitaka kiokotwe kwa mkono uliokidondosha. Faraja aliutuma wa kushoto chini kule. Ulikwenda, ukakikosa, ukazunguka, ukakipata kwa ukingo, ukakinyanyua, na ukampa mwenzake hewani bila kusita.

Vyote viliporudi mahali pake, Girish alisimamisha saa. Baadaye tulisikia kutoka kwa Glory, aliyeisimulia mtaa mzima, kwamba yule bwana alianza kuimba puani.

"Umefaulu," alisema. "Umefaulu vizuri. Mama yangu angekufukuza jikoni kwake kwa mwiko, lakini mimi nakuingiza chumba cha upasuaji."

"Hata kwenu, Daktari?"

"Kwetu? Faraja, mimi nilifanya mtihani huu mara mbili. Unafikiri ya kwanza nilifeli kwa nini?"

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mkulima kutoka njia ya Matombo, mwenye vijiwe kwenye nyongo. Girish alisimama pembeni yake, Glory alishika kamera, na walibadilishana maneno machache sana. Mama yule alipozinduka alijipapasa tumbo akitafuta kidonda, akauliza kama upasuaji umeahirishwa. Akaonyeshwa vijiwe vyake ndani ya kichupa. Akavihesabu, akaomba apewe akawaonyeshe watu, maana bila hivyo hawatamwamini. Mvua zilipoanza alikuwa shambani.

Glory alibaki na Girish mjini. Upande wa Turiani kulikuwa na hospitali iliyopata mtambo kama ule na kukosa mtu wa kuuwasha, na jina lililopelekwa lilikuwa la Faraja. Bi Rehani alimfungia unga, ndizi, na wosia mrefu. Alimkumbusha kwamba ruhusa aliyompa ilikuwa ya mafunzo, na mafunzo yamekwisha, na huko aendako kuna wakubwa za watu.

Daktari Faraja Halidi sasa anafanya kazi Turiani, anaishi nyumba ya kupanga nyuma ya soko, na siku yake ya upasuaji ni Jumanne.